Maji Matamu ya Tlaxmalpa

Jioni ya Siku ya Wafu, marehemu wanaporudi kuwatembelea jamaa zao, Meya Evaristo Tecuapetla wa mji wa Tlaxmalpa alitoka mwenyewe kununua mkate wa kuweka kwenye madhabahu aliyomtengea marehemu mama yake nyumbani. Mtumishi alikuwa ameacha kazi bila kuaga. Mshauri wake, Ocaranza, alitaka kumsindikiza, naye akakataa. Amwogope nani? Kila asubuhi Ocaranza alimnong'oneza yale yale: "Wanakupenda, Mheshimiwa. Kisima ulichowachimbia kina maji matamu. Picha yako iko kila nyumba."

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu alisifiwa mpaka akasahau hata kuonja maji ya kisima chake, maana yeye alikunywa ya chupa.

Mtaa ulikuwa kimya. Milango wazi, kama ilivyo ada, ili wafu waingie. Harufu ya ubani... na chini yake harufu ya tope lililooza.

Mama Crescencia, muuza mikate, alimpa mkate bila kumtazama.

"Nikupe ngapi, mama?"

"Nenda nao tu, baba. Leo hatuwatozi."

"Hamuwatozi akina nani?"

Akafunga dirisha.

Evaristo akachungulia nyumba ya jirani. Madhabahu ya wafu: maua ya manjano, mishumaa, picha za watoto wawili na viatu vyao vidogo. Watoto? Ocaranza alimwambia kisima kimesingiziwa kifo cha kizee mmoja tu! Katikati ya watoto wale palikuwa na picha nyingine.

Yake.

Ile ya kampeni, anatabasamu. Na hakuna mtu wa Tlaxmalpa asiyejua kwamba picha ya aliye hai haiwekwi kwenye madhabahu ya wafu. Mbele yake walimwekea glasi ya maji, kwani wafu hurudi na kiu. Maji yalikuwa ya kahawia.

Nyumba iliyofuata, vivyo hivyo. Na iliyofuata...

Akakimbia. Koo lilikuwa limemkauka, ulimi umegandamana na kaakaa. Chini, mtu alikuwa ametandaza maua njia nzima, kama wanavyotandaziwa wafu wasipotee. Yaliishia mlangoni kwake.

Ndani, Ocaranza alikuwa akiwasha mshumaa. Picha ya Evaristo ilikuwa kando ya ile ya mama yake.

"Nani aliwapa picha zangu?"

"Mimi, Mheshimiwa. Waliziomba. Mimi humpa kila mtu anachokitaka. Wewe ulitaka kusifiwa, nikakusifu."

"Kwani nimekufa?"

"Bado. Una kiu tu." Akamsogezea glasi ya maji ya kahawia. "Kunywa. Si nilikwambia ni matamu?"

Evaristo alijua kilichomo. Aliona vizuri kabisa mkono wake mwenyewe ukiinuka, akashindwa kuuzuia. Akanywa mpaka tone la mwisho.

Alizikwa kabla maua hayajanyauka. Daktari alisema ni tumbo. Mama Crescencia, alipoulizwa, aliendelea kukanda unga.

Meya mpya ameshaapishwa. Kila asubuhi Ocaranza humwinamia sikioni, na wiki hii wameanza kugawa picha zake, nyumba kwa nyumba.