Sahihi ya Fridah

Mlango wa kituo cha metro cha Al Rigga, Dubai, ulifurika watu, na Fridah alikuwa akijipenyeza katikati yao kwa viwiko. Sare yake ya bluu ilinyooka kwa pasi, misuko ameifunga juu, mdomoni kipande cha mkate. Akamkumba kijana mrefu aliyesimama katikati ya njia akigeuzageuza simu.

"Dada, nani anakufukuza?"

"Sogea bana! Nimechelewa training."

"Ya usonji? Hata mimi naenda huko. Basi nionyeshe hoteli, nimeizunguka mara mbili."

Fridah akamtazama vizuri. Shati jeupe, mikono imekunjwa, tabasamu la mtu aliyedekezwa na mama yake. "Nifuate. Na usiongee sana."

Kazi bure. Mpaka wanafika ukumbini, Fridah alishajua kwamba jamaa anaitwa Joachim, ni wa Moshi, na wiki hiyo ameajiriwa kuendesha basi la kituo kilekile anachofanyia kazi yeye, kituo cha kulea watu wazima wenye usonji na ulemavu wa kujifunza. Mafunzo yalikuwa ya lazima kwa wote, kuanzia mpishi mpaka dereva. Jumanne tatu. Bila cheti, mkataba hauongezwi, na wa Fridah ulikuwa unaisha mwezi huohuo.

Jumanne ya kwanza mkufunzi, Madam Maha, ambaye pia ni msimamizi wa kituo, aliwavalisha glavu nene, akafungulia muziki, akawasha na kuzima taa, akawaambia wafunge vifungo vya shati huku watu watatu wakiwauliza maswali. Joachim alianza kwa kucheka. Dakika haikuisha akavua glavu, jasho linamtoka.

"Labda Aseel husikia hivyo akiingia mall," Fridah akamwambia. Aseel alikuwa mwanamke wa miaka thelathini aliyekuwa chini ya uangalizi wake. "Na watu husema eti ana madharau."

Joachim akazivaa tena glavu, na hapo ndipo Fridah alipoanza kumpenda. Zikaanza simu.

"Umekula, mama?"

"Joachim, umepiga mara tano tangu asubuhi!"

"Nne. Ile ya kwanza ulikata, haihesabiki."

Kufikia Jumanne ya pili walikuwa wanakula biriani sahani moja.

Jumanne ya tatu, nyumba ya jirani na kituo ilianza kutobolewa ukuta. Aseel akaingia chini ya meza, ameziba masikio. Fridah akaketi sakafuni karibu naye, akamwandikia Madam Maha kuomba kuhudhuria Alhamisi na kundi jingine. Joachim akamwandikia kwa kifupi tu: "Siji leo, babe. Aseel hayuko sawa."

Kule ukumbini, daftari la mahudhurio likapita. Joachim akaona nafasi ya Fridah iko wazi, akaufikiria mkataba wake unaoisha. Huko nyuma, kwenye ghala moja la Dubai Investments Park alikofanya kazi, kumsainia mwenzako kulikuwa ndio urafiki wenyewe. Akasaini. Mjinga yule, hata akaipendezesha ile F.

Mchana Madam Maha alikuwa na daftari mkono mmoja, na ujumbe wa Fridah mkono wa pili.

"Nani alikutuma?" Fridah alifoka kwenye simu.

"Mpenzi, nilikuwa nakuokoa."

"Kuniokoa? Nilikuwa nimeomba ruhusa! Saa hii naonekana mwongo. Ofisi wanasema contract khalas, imekwisha!"

"Ungeniambia..."

"Ungeniuliza! Unajua shida yako? Unanijibia kabla sijafungua mdomo!"

Akakata, akamblock.

Joachim hakuweza kukaa. Aliizunguka mitaa ya Al Baraha alikoishi, kutoka kwa kinyozi mpaka mkahawani na kurudi, akipiga namba isiyoita. Kilichomuuma ni kwamba Fridah alisema kweli. Asubuhi ya Jumatano akagonga mlango wa Madam Maha.

"Sahihi ile niliiweka mimi, Madam. Fridah hakujua."

Madam Maha akanyoosha mkono, akataka funguo za basi. Joachim angepakia nguo za dobi mpaka arudie vipindi vyote vitatu, akianza na cha kesho yake. Fridah akaruhusiwa kuja Alhamisi, apate cheti chake. Joachim hakumtafuta amwambie.

Alhamisi, Fridah aliyasikia hayo mlangoni kutoka kwa Madam mwenyewe. Akaingia, akamkuta Joachim nyuma kabisa, hajanyoa. Na Madam, kwa makusudi kabisa, akawaweka pamoja.

Zoezi lilikuwa hili: muulize mwenzako swali mara moja tu, kisha unyamaze. Usirudie. Usimjibie. Mpe muda wake.

Joachim akamgeukia. "Fridah, bado unanitaka?"

Fridah akaangalia mikono yake. Akaangalia dirisha. Goti la Joachim likaanza kuruka. Akafungua mdomo, akaufunga. Watu wa meza ya pili walishamaliza, sasa wanawatazama wao. Joachim hakuwahi kunyamaza hivyo maishani, na aliogopa kweli.

"Nakutaka," Fridah akasema. "Lakini usisaini tena jina langu. Popote."

"Hata kwenye cheti cha ndoa?"

"Hapo nitasaini mwenyewe. Wewe andika lako."