Mwanamke wa Behewa la Tatu

Asubuhi moja jirani yetu Herménégilde alitoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale mapema, akafika Mbarara, akaketi kwenye ofisi ya wakili mmoja pale Kakoba ili ajaziwe fomu ya familia ya kuhamia ng'ambo. Alikuwa amesomea sheria Bujumbura. Jambo lisilo na shahidi, kwake halikuwapo.

Mwaka uliotangulia alikimbia kwa treni kutoka Kigoma, bila kibali. Mbele yake, katika behewa la tatu, aliketi bibi asiyejua Kiswahili wala Kirundi. Bibi alimega kiazi, akakionja kwanza, ndipo akampa. Kwao Herménégilde, hicho ndicho kiapo kwamba chakula hakina sumu. Siku nzima wakaongea kwa vidole na vicheko. Askari alipodai vibali, bibi alikikumbatia kichwa cha kijana, akajipiga tumbo: huyu nimemzaa mimi. Askari akapita.

Kesho yake bibi alianguka, akitetemeka.

"Nani yuko naye?" mhudumu aliuliza.

Herménégilde alipima jibu. Akikubali, ataulizwa vibali.

"Simfahamu."

Kisheria, hakusema uongo. Hata jina lake hakulijua. Walimshusha bibi kwenye stesheni ndogo. Treni ilipoondoka, alimwona akifunikwa uso kwa kanga yake mwenyewe. Tangu hapo Herménégilde hakuweza kujitazama kwenye kioo bila kuinamisha macho.

"Sebo," alisema Mbabazi, karani wa wakili, akimwita bwana kwa lugha ya huko, "umesema uko peke yako?"

"Peke yangu."

"Na huyu mama? Amekushika mkono tangu uingie."

Benchi kando yake lilikuwa tupu.

"Hakuna mutu hapa, nyabo," alijibu, naye akimwita bibie kwa lugha hiyo.

Mbabazi akacheka. "Nyinyi wanaume! Mpaka mama munakataa?" Akageukia benchi. "Mama, huyu ni mutoto wako?"

Akaelekeza kalamu kwenye benchi.

"Ona, anajipiga tumbo."

Kiganja cha Herménégilde kilikuwa baridi. Mbabazi hakujua habari za treni. Hakuna aliyejua.

"Niandike nini?" karani alinong'ona, hakuwa akicheka tena.

Kumwandikisha asiye ndugu ni ushahidi wa uongo. Faili lingefutwa, na safari yake ya ng'ambo nayo.

"Andika ni mama yangu," alisema, machozi yakimtoka. "Ila jina... naona haya, nyabo. Jina sikumuuliza."

Mbabazi alishusha kalamu. Alikuwa akiitazama fomu. Kwenye nafasi ya jina la mama palikuwa na alama ya kidole gumba, mbichi, nyeusi. Wino wa kupigia alama hizo ulikuwa bado umefungiwa kabatini.