Kobe Alipotunga Sheria

Zipu ililia polepole, zrrr, kisha ikanyamaza. Kulikuwa hakujapambazuka. Sebuleni kwa bibi yake, msichana alipiga magoti mbele ya mkoba wa binamu yake.

Jana jioni mjomba wao, dereva wa watalii, alikuja kupanga nao safari ya likizo. Alitandaza ramani mezani, na watoto wa jirani wakasogea kuchungulia.

"Mbugani kwanza, pwani baadaye," alisema. "Tukishakula vumbi la wanyama, bahari itatuosha. Ila mbugani tutazunguka tangu alfajiri, na gari langu liko wazi. Asiye na sweta, meno yake yatacheza ngoma!"

Msichana aliinua mkono. Maneno yake hutoka polepole, kwa shida. "M-mjomba, pwani tutaona k-k-kasa?"

"Kobe anawaulizia ndugu zake wa baharini!" binamu yake alidakia.

Watoto waliangua kicheko. Msichana akainamisha kichwa.

"Kobe akiinama," Bibi alisema huku akimwongezea chai, "ujue anatunga sheria."

Kweli aliitunga, usiku kucha. Sasa alichomoa sweta la binamu yake lililoviringishwa. "Tetemeka," alinong'ona. "Tetemeka mbele ya simba, tukucheke sisi." Akachomoa na kaptura ya kuogelea. "Na pwani ukae mchangani, ututazame." Moyo wake uliona raha kama aliyelamba asali.

Alipovisukuma chini ya kochi, kitu kigumu kilidondoka sakafuni. Ilikuwa dawa ya pumu ya kuvuta. Binamu yake alikuwa ameiviringisha ndani ya sweta isivunjike.

"Baridi na vumbi ndivyo vinavyomkaba kifua," sauti ilisema. Bibi alikuwa amesimama mlangoni.

Msichana alianza kutetemeka yeye. "S-sikujua, Bibi. Nilitaka tu aone aibu."

"Najua, mjukuu wangu. Lakini kisasi ni mbwa mkali. Ukishamfungulia, humwambii ang'ate wapi."

"Kwa hiyo aendelee kunicheka?"

"Nani kasema? Rudisha vitu vyake. Kisha dai haki yako mchana kweupe."

Asubuhi watoto wa jirani walikuja kuwaaga. Mjomba aliwasha gari, lakini msichana hakupanda.

"Sipandi," alimwambia binamu yake, "mpaka uniombe radhi mbele ya hawa waliocheka. Mimi si K-kobe."

Safari hii hakuna aliyecheka.

"Na mimi nikuombe radhi," aliendelea. "Nilificha sweta lako. Dawa yako ilikuwa ndani. Nimevirudisha vyote."

Binamu aliupapasa mkoba wake haraka. "Ungeniua!"

"Wewe uliniua jana."

Binamu aliwatazama watoto wa jirani, kisha akamgeukia. "Nisamehe, dada," alisema, kwa sauti ambayo wote waliisikia. Kisha akasogea, akampisha kiti cha mbele.

"Swali lako la jana sikulijibu," Mjomba alisema. "Kasa tutawatafuta, hata kama ni kwa kulala ufukweni."

Bibi aliwafunga vifungo vya masweta, mmoja baada ya mwingine. "Aliyekuumiza mwambie machoni," alisema. "Usimvizie gizani, maana gizani huoni unachokivunja."

Gari likaanza kusogea. Bibi alilifuata hadi barabarani, akamshika msichana mkono.

"Mkirudi mje tena mnione. Na wewe ndiye utakayenisimulia. Wala usiharakishe, mama. Sina pa kwenda."