Aika na Hospitali ya Mkoa

Rachel na mumewe Kaanaeli ni wakulima. Nyumba yao iko kwenye mteremko wa Mlima Meru, katikati ya migomba na kahawa. Kila Jumamosi Rachel hushuka Arusha mjini kuuza ndizi. Kwake yeye, Arusha ilikuwa soko. Akimaliza kuuza hununua mafuta ya taa, sabuni na chumvi, kisha hurudi nyumbani.

Jumamosi moja alikwenda na binti yake, Aika. Aika alikuwa darasa la pili. Alikuwa mtoto mpole, lakini watu walimwona mkaidi. Aliitwa, hakuitika. Alitumwa maji, alileta kuni. Mwalimu wake alisema hana bidii.

Walipofika mtaa wa Kaloleni, mjini, Aika alishuka barabarani kumfuata paka. Nyuma yake ilikuja bodaboda. Dereva alipiga honi. Aika hakugeuka. Dereva akapiga honi tena, ndefu zaidi. Aika akaendelea kumtazama paka. Mwanamke mmoja alitoka dukani mbio, akamshika mkono, akamvuta kando. Pikipiki ilipita karibu sana.

Mwanamke huyo alikuwa Sherbanu, mwenye duka la viungo. Watu wote humwita Mama Hatim. Yeye na Rachel wanafahamiana siku nyingi, maana Mama Hatim hununua ndizi kwa Rachel.

Rachel alifika mbio. "Umeona huyu mtoto, Mama Hatim? Honi yote ile hakusikia."

"Nimeona. Huwa anasikia kweli?"

"Husikia akitaka. Ni mkaidi tu."

Mama Hatim aliwaingiza dukani, akampa Aika kiti. Kisha alisimama nyuma yake, akasema kwa sauti ya kawaida, "Aika, nina embe hapa. Unataka?"

Aika aliendelea kutazama magunia ya mchele.

Mama Hatim akazunguka, akasimama mbele yake, akasema maneno yale yale. Aika alitazama midomo yake, akatabasamu, akanyoosha mkono.

"Mtoto gani anakataa embe kwa ukaidi?" Mama Hatim aliuliza. "Huyu hasikii vizuri, Mama Aika. Anasoma midomo yetu."

Rachel alikaa juu ya gunia. "Masikio yake hutoa usaha tangu akiwa mdogo. Bibi yake humtilia mafuta ya moto kidogo. Yanakauka, halafu yanarudi."

Mama Hatim alisogeza mtandio wake. Nyuma ya sikio lake kulikuwa na kifaa kidogo. "Hiki kinanisaidia kusikia. Kabla sijakipata, mteja akiomba iliki, nampimia pilipili. Majirani walisema nina maringo, sisalimii watu."

"Ulikipata wapi? Ulaya?"

Mama Hatim alicheka. "Hapa hapa Arusha. Nilikwenda hospitali ya rufaa ya mkoa."

"Ile si ya watu wakubwa?"

"Ni ya mkoa mzima. Sikiliza. Arusha ndiyo makao makuu ya mkoa. Daktari wa masikio hawezi kuwekwa kila kijiji, na mashine zake pia. Kwa hiyo huwekwa mahali pamoja, ambapo barabara za mkoa zinakutana. Siku ile nilikaa foleni na mama wa Kimaasai kutoka Longido, na mzee wa Karatu. Huduma hiyo ni yao, na ni yako."

"Basi niende leo?"

"Hapana. Anzia zahanati ya kwenu. Wakishindwa watakuandikia rufaa ya hospitali ya wilaya, na wilaya watakuandikia ya mkoa. Ukifika, daktari atajua mtoto ametibiwa nini. Ila mtoto akizidiwa ghafla, usihesabu ngazi. Mkimbize hospitali yoyote iliyo karibu."

Nyumbani, Kaanaeli hakuafiki. "Mtoto ananiona nikimwita, ananyamaza. Hilo ni gonjwa gani?"

"Mwite asipokuona," Rachel alisema.

Aika alikuwa uani akilisha kuku, mgongo wake kwao. Kaanaeli aliita. Akaita tena kwa nguvu. Kuku walitawanyika. Aika aliwashangaa kuku.

Mara ngapi Kaanaeli alikuwa amemgombeza mtoto huyu? Alikwenda akachuchumaa mbele yake, akamfuta vumbi usoni. "Jumatatu nitakwenda nanyi zahanati," alimwambia mkewe.

Katika zahanati walimkuta nesi Tekla. Alimulika masikio ya Aika kwa tochi, akaona mafuta.

"Mama, msimtilie tena mafuta," alisema. "Wala maji ya majani, wala njiti ya kibiriti. Ngoma ya sikio ikiwa na tundu, vitu hivyo huingia ndani na kuharibu zaidi. Akioga, maji yasiingie. Sikio linalotoa usaha ni ugonjwa, na mtoto aletwe mapema."

Aliwaandikia rufaa. Katika hospitali ya wilaya, Aika alisafishwa masikio akapewa dawa. Usaha ulikauka, lakini hakusikia vizuri. Ndipo wakaelekezwa hospitali ya mkoa.

Kaanaeli alishangaa kuona watu wa kila upande wa mkoa pale. Wengine walikuwa na mashuka ya Kimaasai, wengine walizungumza Kiiraqw, lugha ya watu wa Karatu. Mzee aliyekaa karibu naye alikuwa amesafiri tangu alfajiri.

"Shikamoo, mzee. Umetoka mbali."

"Marahaba. Ndiyo, lakini macho yangu yalishindikana kule. Wamenileta huku kwa mtaalamu."

Daktari wa masikio, aliyeitwa Allen, alimweka Aika kwenye chumba kimya, akamvika vifaa masikioni. "Ukisikia mlio, nyoosha mkono," alimwambia, akimtazama usoni. Mara Aika alinyoosha. Mara alikaa tu, huku daktari akibonyeza kitufe cha mlio. Rachel aliona, machozi yakamtoka.

"Usilie, mama," daktari alisema. "Hakuzaliwa kiziwi, na hajapoteza kusikia kote. Tutaendelea kutibu matundu ya ngoma za masikio. Wakati huo atavaa vifaa vya kumsaidia kusikia. Shuleni akae mbele. Mkimsemesha, awaone nyuso."

Walirudi tena na tena. Siku Aika alipovishwa vifaa, walitoka nje ya geti wakasimama. Magari yalipita. Muuza karanga alikuwa akiita wateja. Aika alishika masikio, macho yamemtoka.

"Baba, huu mji unapiga kelele hivi kila siku?"

"Kila siku, mwanangu," Kaanaeli alisema.

"Na nyie mnavumilia?"

Wazazi wake walicheka hadi watu wakageuka.

Sasa Aika anakaa dawati la mbele. Mwalimu anasema anajibu swali kabla halijaisha. Bibi yake ameacha mafuta. Mtoto wa jirani mmoja alipotoa usaha sikioni, bibi huyo huyo ndiye aliyemwongoza zahanati.

Jumapili moja walirudi kutoka kanisani, wakala loshoro ya mahindi na maziwa ya mgando, wakashiba. Kaanaeli alijilaza kwenye mkeka kivulini, akapitiwa na usingizi. Punde Aika alikuja mbio jikoni.

"Mama, njoo umsikie baba. Kuna kitu kinanguruma ndani yake."

"Huko ni kukoroma," Rachel alisema. "Anakoroma hivyo tangu nilipoolewa."

Aika alirudi mkekani. Alikaa karibu na baba yake, akakumbatia magoti, akasikiliza.