Kilele cha Sauti ya Pili

Kila siku, saa tatu kasoro robo asubuhi, dada mmoja wa maabara alisimama kwenye sinki la korido akiosha kofia. Ilikuwa ya kitambaa chepesi, imeshonewa vifungo sitini vya kupokea umeme wa ubongo, na kila kifungo alikisugua kwa mswaki wa mtoto mpaka jeli ya jana iishe. Wanafunzi walipita nyuma yake wakisukumana kwenda madarasani. Hakuwa na kawaida ya kugeuka, mpaka siku bega la mtu lilipompiga kikumbo na kofia ikatumbukia kwenye ndoo ya kudekia.

"Samahani, dada! Nimemzamisha nani?"

Alikuwa kijana mrefu, shati la kijani limefungwa kombo, kompyuta kwapani.

"Vichwa vya watu thelathini," alijibu, kisha akaona haya kwa kusema mengi.

Kijana alizamisha mkono mpaka kiwiko, akaitoa kofia, akaomba mswaki. Alisugua vifungo vyote sitini. Baadaye ilijulikana kwamba alichelewa kikao chake cha kwanza na Mama Mkuu, mwenye maabara, ambaye alikuwa amemwajiri aje kufanya kazi na huyu huyu dada wa sinki. Dada alipima mawimbi ya ubongo. Kijana aliandika programu ya kubashiri sikio linatarajia kusikia nini. Mama Mkuu alitaka fani hizo mbili zitoe maelezo mamoja. Wenzao wakawapa majina: Binti Kofia na Mtabiri.

Haukupita mwezi wa tatu, simu ya Binti Kofia ikawa inalia kila jioni, Mtabiri akiwa upande wa pili.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula."

"Umenikumbuka?"

"Kidogo."

"Kidogo cha kijiko au cha sahani?"

"Cha kijiko cha chai," alisema, akicheka puani.

"Mimi cha sufuria zima. Nakupenda."

"Haya, asante."

Alikata simu, akauma mto. Neno alikuwa nalo, limemkaa kooni, ila kutoka halikutoka.

Kisha likaja jaribio la sauti mbili. Msikilizaji angesikia neno moja tu, "karibu", likirudiwa rudiwa: mara nne kati ya tano kwa sauti ya Binti Kofia, mara moja kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Mtangazaji alikuja kurekodi na gauni la njano, viatu vya kusikika tangu ngazini, na manukato yaliyobaki kwenye kipaza sauti hadi kesho yake.

"Kaka mtaalamu, nani anakuvalisha?" alimtania Mtabiri, akamfungua kifungo cha shati na kukifunga mahali pake.

Mtabiri alicheka. Nyuma ya kioo, Binti Kofia alichana karatasi ya kufutia jeli vipande vipande.

Kichwa cha kwanza kupimwa kilikuwa cha Mtabiri. Asubuhi yake Binti Kofia alichora grafu, akaikodolea macho. Kwa sauti yake yeye, wimbi lilikuwa kilima cha mtoto kuruka. Kwa sauti ya mtangazaji, mlima. Na katika fani yake alisoma mara nyingi kwamba ubongo hunyanyuka kwa sauti ya mtu unayempenda.

Simu ya jioni hakuipokea. Wala ya pili. Ya tatu aliipokea.

"Laazizi, nimekosa nini?"

"Muulize mwenye gauni la njano."

"Nani tena?"

"Ubongo wako unamjua."

Akakata. Mtabiri alibaki ameshika simu. Miezi mitatu ya "haya, asante", akawaza, na leo hata asante sipewi. Kesho yake akaomba kuhamishiwa jengo jingine.

Mama Mkuu aliwaita wote wawili. "Karatasi mbili za nini? Moja ya mawimbi, moja ya hesabu? Ijumaa nataka maelezo mamoja. La sivyo, kila mtu ashike njia yake."

Ijumaa walikaa, kiti kimoja kikiwa wazi katikati yao. Mtabiri alisukuma grafu yake mezani. Kilima na mlima, vile vile.

"Umekichora kichwa chako tena?"

"Hii ni kompyuta. Haijawahi kumwona mtangazaji."

"Mbona nayo inamrukia?"

"Inashtuka. Sauti yako inaitarajia, imeizoea. Ile nyingine inaikuta ghafla." Akamtazama. "Ngoja kwanza. Ndiyo maana hupokei simu? Ulidhani nampenda kwa sababu nimeshtuka?"

Masikio ya Binti Kofia yaliwaka moto. "Vitabu vyangu vinasema mapenzi."

"Vyangu vinasema mshtuko."

Binti Kofia alifikiri huku akizungusha mswaki wa mtoto vidoleni. Kisha akasimama. "Tugeuze. Yeye mara nne, mimi mara moja. Programu yako itabiri kwanza."

Alimvika kofia mwenyewe, akampasua nywele kwa ncha ya kidole, akatia jeli kifungo baada ya kifungo. Saa moja baadaye wakaweka mistari miwili kwenye kioo kimoja cha kompyuta: utabiri wa kompyuta, na kichwa cha Mtabiri. Kwa sauti ya Binti Kofia, milima ilipanda pamoja. Wa kompyuta ukasimama. Wa kichwa ukaendelea kupanda, ukauzidi kwa vidole viwili.

"Mshtuko unaishia hapa," Mtabiri alisema, akigusa kioo. "Hiki kilichozidi, programu yangu haikijui."

"Na mimi peke yangu nisingejua pa kuanzia kukihesabu." "Ila kichwa kimoja si ushahidi. Inabidi mwenye kichwa aulizwe."

"Mwenye kichwa anakwambia kila jioni. Asiyejulikana ni mwenye kofia."

Jeli ilikuwa ikimchuruzika mpaka ncha ya pua. Binti Kofia alichukua kitambaa, akampangusa, na mkono haukurudi.

"Nilimwonea wivu," alisema. "Nilihisi ameniibia kitu, na mimi hata sikuwahi kukwambia ni changu. Nakupenda. Basi. Nakupenda."

Mtabiri alitabasamu, vifungo sitini vikiwa bado kichwani.

"Haya," alisema mwishowe. "Asante."