Jina la Wanza Katika Mkutano wa Ukoo

Mumbua alikuwa akichagua ndengu uani kwake kijijini Katangi, mume wake Mulwa alipofika na mfuko mkubwa. Mulwa akatoa tisheti ya kijani. Mgongoni iliandikwa jina la ukoo wao.

"Mwaitu, hii ni yako," alimwambia mama yake, Nthambi. "Mkutano ni Jumamosi ya wiki ijayo. Tutawakumbuka wazee wetu."

Nthambi alikuwa na miaka themanini na sita. Aliitazama tisheti, hakuipokea.

"Siendi. Mwaka jana nilikaa kwa jua tangu asubuhi. Spika zikapiga kelele. Mheshimiwa akaongea, hata mwenye hema akaongea. Mimi mkanipa dakika mbili, watu wakiwa na sahani mkononi."

"Lakini ulikula nyama, mwaitu."

"Nyama naweza kula hapa."

Mumbua aliinamia ungo ili asionekane akicheka. Lakini Nthambi hakuwa akitania.

"Kuna jina nataka kulitoa mbele ya watu wote. Familia ya Makau, hapo ng'ambo ya mto, mnawaita wageni. Kila mkutano wanakaa nyuma. Hao si wageni. Nimebaki mimi peke yangu wa kuwatolea ushahidi. Nikifa, watakuwa wageni milele."

"Si uniambie mimi, niwaambie?"

"Ukisema wewe, watasema umetunga. Watasema unatafuta kura za uenyekiti wa ukoo."

Mulwa aliikunja tisheti. Kura za uenyekiti alikuwa akizitaka kweli.

Jumapili, baada ya ibada, Mumbua alimweleza jirani yao Peris. Peris alifanya kazi maktabani, na alikuwa amesaidia familia nyingi kuandika historia zao. Alikuja nyumbani kwao siku hiyo hiyo.

"Wazee waongee asubuhi, kabla ya chakula," alisema. "Mtu akishiba anasinzia. Spika zizimwe, watu wakae karibu. Muulizeni swali moja fupi, halafu mngoje. Mzee akinyamaza, anakumbuka. Msimkatize."

"Na tusiposhika yote?" Mumbua aliuliza.

"Simu moja irekodi, na mtu aandike kwa daftari. Nani amesema, wapi, tarehe gani. Lakini kwanza mwombeni ruhusa. Akisema jambo fulani lisirekodiwe, zimeni simu. Mkimaliza, andikeni nakala tatu, zikae nyumba tatu. Moja ikiungua, mbili zipo. Na muandike wanawake! Orodha nyingi ninazoletewa ni za wanaume tu, kama vile walizaana wao kwa wao."

Nthambi alicheka mpaka akakohoa. Mumbua bado alikuwa na wasiwasi.

"Peris, si dhambi? Kanisani wengine wanasema kuwataja wafu ni kuwaabudu."

"Anayeombwa ni Mungu. Wazee tunawakumbuka na kuwashukuru. Hata habari za Yesu zina majina ya babu zake."

"Sasa huu ni mkutano ama ni darasa?" Mulwa aliuliza. "Mheshimiwa nilishamwahidi saa nne."

"Mwambie aje saa nane, chakula kikiwa tayari. Hatakosa."

Mulwa alipiga simu. Nthambi akaichukua tisheti.

Jumamosi walianza na sala. Kisha Mbinya, binti wa Mulwa, aliketi mbele ya bibi yake na daftari.

"Susu, turekodi?"

"Rekodini."

"Mzee Ndunda, baba ya babu yetu, alikuwa na wake wangapi?"

"Mmoja!" watu walijibu.

Nthambi alikaa kimya muda mrefu. Mulwa akafungua mdomo. Mumbua akamkanyaga mguu.

"Wawili," Nthambi alisema. "Wa pili aliitwa Wanza. Wakati wa njaa aliwachukua watoto wake, akavuka mto kwenda kwa kaka zake. Mvua iliponyesha alirudi. Akakuta shamba lake linalimwa na mwingine. Akafukuzwa. Aliyemfukuza ni mke mwenzake, mama mkwe wangu. Aliniambia mwenyewe akiwa kitandani, karibu kufa. Makau ni mjukuu wa Wanza. Babu yake ni Ndunda, babu yako pia, Mulwa."

Makau alisimama kule nyuma. Alikuwa na mvi tayari.

"Baba alituambia hivyo," alisema. "Hatukuwa na shahidi."

"Kwa hivyo sasa mnataka shamba?" mtu mmoja aliuliza.

"Shamba tuko nalo. Tulikuwa tunataka kuhesabiwa tu."

Mulwa aliinuka. Alibeba kiti cha Makau mwenyewe, akakileta mbele. Mbinya akaandika jina la Wanza chini ya jina la Ndunda, kisha watoto wake wote. Nakala moja ilipelekwa nyumbani kwa Makau.

Februari, Nthambi alifariki. Vijana wa ukoo walikutana alfajiri kuchimba kaburi. Wana wa Makau walifika na sururu zao. Hakuna aliyewauliza wamekuja kwa nani. Walioneshwa mahali pa kuanzia, wakaanza.