Waliokuja Kumchukua Mzee

Kinusaudongo kilishusha mkono wake mwembamba hadi kwenye ufa wa kigango, kikavuta hewa, na ukuta mzima wa ukumbi ukageuka kuwa boma la Kaloleni. Chombo hicho kilinusa chavua, chumvi na vumbi vilivyojificha ndani ya mti, kikataja mahali hasa uliposimama kabla ya kuibwa. Wageni waliona minazi, makaburi, na shimo dogo ambalo bado lilikuwa wazi.

Mhandisi Mishi Hamadi, aliyekiunda, alipokea pongezi pembeni. Makumbusho yao yalisifika kwa maonyesho ya sanaa zilizoporwa, na leo walikuwa na kigango, nguzo ya kuchongwa ambayo Wagiriama humsimikia mzee aliyefariki. Kikishasimikwa, hakihamishwi.

Bi Mbeyu Kombe, mjukuu wa mzee aliyesimikiwa kigango hicho, aliingia na wapwa zake wawili waliobeba mkeka mpya na kibuyu cha pombe ya mnazi. Mishi mwenyewe ndiye aliyempigia simu kumwambia, "Tumempata babu yenu, karibuni."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Gari liko nje. Tumlaze sasa, au mna maneno yenu kwanza?"

Mishi alikawia kuelewa. Alipoelewa, uso ulimwaka moto.

Mkurugenzi, Bwana Athmani Shee, akaingilia kwa upole. "Bibi, kigango kitabaki hapa. Haya maonyesho yanaeleza dhuluma mliyofanyiwa. Bila chenyewe watu hawatauelewa wizi huo."

"Mtu aliyepotea akipatikana, wenyewe huitwa waje wamchukue," alisema Bi Mbeyu. "Nyinyi mmetuitia nini?"

Akainama, akamimina mnazi kidogo chini ya kigango, akamwamkia babu yake kwa Kigiriama. Mnazi haukuwahi hata kutandaa. Roboti mfyonzaji alichomoka chini ya ukuta, akaufyonza, akapangusa sakafu na kusema kwa sauti laini, "Samahani kwa uchafu."

Bi Mbeyu aliitazama sakafu inayong'aa, kisha akamgeukia Mishi. "Kwetu mlipajua lini?"

Mishi alitaka kudanganya, akashindwa. "Mwaka jana, bibi, kabla ya masika. Tulitaka ukumbi ukamilike kwanza."

"Mwaka jana kaka yangu Karisa alikuwa hai." Akaonyesha ukutani. "Hilo shimo mnalolitazama, ni yeye aliyekuwa akilifukua kila baada ya mvua, lisizibe, babu akirudi apate pa kusimama. Tumemzika mwezi uliopita."

Mishi aliona aibu. Shimo hilo alikuwa ameagiza liongezewe mwanga ili lipendeze.

"Basi tutakaa naye hapa," alisema Bi Mbeyu. Wapwa wakatandika mkeka chini ya kigango, naye akaketi na kujifunika kanga kichwani, kama anavyoketi mfiwa.

Wageni walidhani ni sehemu ya maonyesho. Mmoja akaanza kupiga makofi, wengine wakafuata, na Bwana Athmani hakuwakatiza.

Mishi alitamani ardhi ipasuke immeze. Alikizima kinusaudongo, na Kaloleni ikatoweka ukutani. Kisha akavua viatu, akaketi ukingoni mwa mkeka na kuinamisha kichwa, na makofi yakazidi.